Kahawa ya luwak: kikombe unaweza kukionja, pakiti iache

*"Shikamoo mtaalamu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunakwenda Bali, Indonesia. Baba mkwe ametuagiza kahawa ya luwak, ile inayookotwa kwenye kinyesi cha mnyama, kwani amesikia ndiyo kahawa bora kuliko zote duniani. Nimeambiwa kikombe kimoja kwenye bustani za watalii kinafika rupia 50,000, na pakiti ndiyo usiseme. Je, ladha yake inastahili fedha hizo? Ni safi? Na sisi ni Waislamu, yafaa kuinywa?"*

Marahaba mwanangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Baba mkwe msimnunulie pakiti ya luwak. Wewe ukitamani kuonja kikombe kimoja ili usirudi na dukuduku, onja, lakini iwe mahali ambapo hakuna mnyama aliyefungiwa, na uonje kwa njia nitakayokueleza huko mbele. Ladha ya kahawa hii iko mbali sana na bei yake, na huko huko Bali ipo kahawa nzuri kuliko hiyo kwa fedha kidogo.

Luwak ni jina la Kijava la mnyama wa ukoo wa fungo na ngawa. Lugha yetu inawajua jamaa zake tangu zamani, maana zabadi, yale manukato mazito, hutoka kwenye tezi za ngawa. Huyu wa Indonesia ni mdogo kuliko ngawa. Uzito wake ni kilo mbili hadi tano, hukaa mitini, hutembea usiku peke yake, na chakula chake kikubwa ni matunda, ingawa hula pia wadudu na wanyama wadogo. Matunda ya mibuni yakiiva, huingia shambani na kuyala. Nyama ya tunda humeng'enywa tumboni, mbegu hutoka nzima.

Watu walianzaje kuzinywa? Waholanzi walipeleka mibuni kwenye kisiwa cha Java, Indonesia, mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1830 serikali yao ya kikoloni ikaanzisha mfumo wa kilimo cha lazima ulioitwa Cultuurstelsel, ambao ulimtaka mkulima atenge sehemu ya ardhi na nguvu zake kwa mazao ya kupelekwa Ulaya: kahawa, miwa na nili. Inasimuliwa kwamba wale waliopanda na kuchuma kahawa hiyo walikatazwa kujichumia ya kunywa nyumbani. Wakaona chini ya mibuni kinyesi cha luwak kimejaa mbegu nzima zisizo na mwenyewe. Wakaziokota, wakaziosha, wakazianika, wakazikaanga. Baadaye habari zikawafikia Waholanzi wenyewe, nao wakaipenda. Siwezi kusimulia kisa hiki bila kuguswa. Kinywaji kinachouzwa leo kama anasa ya matajiri kilianza kama ujanja wa mtu aliyenyimwa jasho lake.

Kisa hicho kinaeleza pia kwa nini kahawa ile huenda kweli ilikuwa nzuri. Mchumaji anayesukumwa ajaze kikapu haraka hukwangua tawi zima: mabichi, mekundu, yaliyokaukia mtini, yote pamoja. Tunda bichi huleta ukakasi na ladha ya majani. Lililopitiliza huleta uchachu wa kitu kilichoanza kuoza. Machache tu yanatosha kuharibu gunia. Luwak naye hana msimamizi. Hunusa, huchagua lile lililoiva barabara lenye sukari nyingi, mengine huyaacha. Kwa hiyo mbegu zilizookotwa chini ya mti zilikuwa zimepembuliwa na mchumaji hodari kuliko yeyote aliyekuwa shambani. Naomba ulishike hili, kwa sababu jibu langu lote limejengwa juu yake.

Watu wengi hawataji uchaguzi. Wanataja tumbo. Wanakwambia kwamba humo ndani hutokea jambo la ajabu linaloigeuza mbegu. Lipo jambo, sitalikana. Mwaka 2004 mtafiti Massimo Marcone wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alichapisha uchunguzi wake wa mbegu hizo. Chini ya darubini zilikuwa na vishimo vidogo vidogo ambavyo mbegu za kawaida hazina, na sehemu ya protini zake ilikuwa imevunjwa vipande vidogo na vimeng'enya vya tumboni. Protini hizo wakati wa kukaanga huchangia harufu na uchungu wa kahawa, kwa hiyo dai kwamba luwak ina uchungu mdogo lina msingi. Mabadiliko yapo. Yana ukubwa gani kikombeni, hilo ni suala jingine.

Fikiria tunda la kahawa lilivyo. Kuna ganda la nje, kisha nyama, kisha ute mtamu unaoteleza, kisha ngozi ngumu ya rangi ya majani makavu, kisha utando mwembamba, ndipo ufikie mbegu. Tumbo la luwak huondoa nyama na ute, lakini ngozi ngumu hubaki. Mkulima anayeosha kahawa yake hufanya kazi hiyo hiyo. Humenya matunda, huloweka mbegu kwenye birika kwa saa 12 au 24, pengine hata zaidi, hadi vijidudu viule ute wote, kisha huosha. Birika hilo mkulima huweza kulipima joto, kubadili maji yake na kukatisha muda pale mbegu zinapokuwa tayari. Tumbo halipimwi. Leo mnyama amekula hiki, kesho kile, huyu mzima, yule mgonjwa. Ndiyo maana pakiti mbili za luwak zaweza kuwa mbali mno kwa ladha hata zikitoka kijiji kimoja.

Kazi yangu ni kuonja kahawa, na luwak nimeionja mara kadhaa mezani, kwenye vikombe visivyo na majina, pamoja na kahawa nyingine za Indonesia. Nikueleze kwa haki. Ni laini. Ni nzito kidogo mdomoni, uchungu ni mdogo, uchachu karibu haupo, kuna mguso wa chokoleti na harufu ya udongo uliolowa mvua. Haichukizi hata kidogo. Lakini ukishameza, imeondoka. Ule uchachu mtamu kama wa chungwa au wa zabibu, ambao waonjaji tunautafuta na ambao hufanya kahawa ya milimani ichangamke, umepotea. Kwenye mizani yetu ya alama 100, kahawa huhesabiwa bora ikifikisha 80. Sijapata hata mara moja kuipa luwak alama zaidi ya kahawa safi ya milimani iliyokuwa nayo mezani siku hiyo.

Ladha hiyo laini, nzito, ya udongo na isiyo na uchachu, ndiyo hasa ladha ya kahawa ya kawaida ya Sumatra, kisiwa kingine cha Indonesia. Huko wana njia yao inayoitwa *giling basah*, yaani kukoboa ikiwa mbichi. Sehemu nyingi duniani kahawa hukaushwa ndani ya ngozi yake ngumu hadi unyevu ubaki kama asilimia 11 au 12, ndipo ikobolewe. Sumatra mvua ni nyingi na kukausha ni shida, kwa hiyo huikoboa ingali na maji mengi, kisha hukamilisha kuianika ikiwa uchi. Njia hiyo hushusha uchachu na kuleta uzito na ile harufu ya udongo. Anayekusimulia kwa macho ya furaha alivyokunywa luwak ya Sumatra, sehemu kubwa ya alichokipenda imeletwa na jua, mvua na mashine ya kukoboa. Kahawa hiyo hiyo isiyopita kwa mnyama unaipata kwa sehemu ndogo ya bei.

Tena, tumbo haliwezi kuigeuza robusta, ile aina ya kahawa chungu ya bondeni, kuwa arabika, aina ya milimani yenye ladha nzuri zaidi. Luwak hula kilichopo shambani. Akila robusta ya bondeni utakunywa robusta ya bondeni, hata kama pakiti ina nakshi za dhahabu. Na pakiti nyingi za watalii kahawa yake imesagwa zamani na haina tarehe ya kukaangwa. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu ndani ya siku chache. Hapo hata buni bora kuliko zote lingekuwa bure.

Sasa nifike panaponiuma. Mahitaji yalipopanda, kuokota kinyesi porini hakukutosha. Mnyama ni wa usiku, yuko peke yake, hana njia moja, na kahawa ni sehemu ndogo tu ya anachokula, tena kwa msimu. Mtu akizunguka shamba asubuhi nzima huenda akarudi na viganja vichache. Wafanyabiashara wakaona njia ya mkato: wamkamate luwak porini, wamtie kwenye kizimba cha nyaya, wamlishe matunda ya kahawa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la kutetea wanyama la World Animal Protection walitoa matokeo ya ukaguzi wa luwak 48 katika mashamba 16 ya Bali, hiyo Bali mnayokwenda. Walikuta vizimba vidogo, sakafu za nyaya zinazoumiza nyayo, wanyama waliokonda na wengine walionenepa kwa kukosa kujongea, na lishe isiyofaa. Hakuna hata shamba moja lililotimiza mahitaji ya msingi ya mnyama huyo.

Mnyama anayeishi peke yake hupangwa jirani na wenzake kumi. Anayelala mchana huamshwa ili apigwe picha. Wapo wanaozunguka kizimbani kwenye mstari ule ule saa nzima, na wapo wanaojitafuna mkia. Ukishaliona hilo kwa macho yako, kikombe hakipiti kooni.

Na hapa ndipo lile nililokuomba ulishike linaporudi. Luwak wa porini alikuwa na thamani moja kubwa, kuchagua. Aliye kizimbani hachagui. Anawekewa sinia la matunda, mabichi na mekundu, anakula kwa sababu hana kingine. Kilichoifanya kahawa ile ya wakulima wa Java iwe nzuri kimeondolewa, kikabaki kinyesi na hadithi. Mnunuzi analipa zaidi kwa kahawa iliyopungua ubora, na mnyama ameteswa juu yake.

Utakutana na pakiti zilizoandikwa kwamba luwak wake ni wa porini, na bei yake ni ya juu zaidi. Nje ya Indonesia kilo moja ya luwak huuzwa dola 100 na kuendelea, na ile inayodaiwa kuwa ya porini hupita hata dola 1,000. Usiiamini. Mbegu ya porini na ya kizimbani zikishaoshwa na kukaangwa, hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuzitenganisha dukani. Mwaka 2013 waandishi wa BBC walikwenda Sumatra wakijifanya wanunuzi, wakakuta kahawa ya vizimbani ikipita mikononi mwa watu hadi kuuzwa Ulaya kama ya porini. Tony Wild, Mwingereza aliyekuwa mnunuzi wa kahawa na ambaye mwaka 1991 ndiye aliyeiingiza luwak katika soko la Uingereza, alianzisha mwaka huo huo wa 2013 kampeni ya kuwataka watu waache kuinunua. Ninamheshimu sana kwa hilo. Si wengi wanaosimama hadharani kubomoa walichokijenga wenyewe.

Utatumia akili yako pia. Duka lenye rafu imejaa luwak mwaka mzima, kwa kahawa ambayo porini huokotwa kwa viganja na kwa msimu, linaipata wapi?

Sasa usafi, maana umeuliza na ni haki yako. Kwa upande huo usiogope. Mbegu imo ndani ya ngozi yake ngumu muda wote inapopita tumboni. Ikiokotwa huoshwa mara nyingi, huanikwa, kisha ngozi hiyo hukobolewa na kutupwa, na mbegu hukaangwa kwenye joto linalozidi nyuzi 200. Hakuna kijidudu cha kawaida kinachohimili hayo. Ninachokusihi ni usimbebe mnyama mwenyewe hata ukipewa bure kwa ajili ya picha. Anauma, na mnyama wa porini aliyechoka na kufadhaika si wa kuwekwa shingoni.

Kuhusu dini, mimi ni mtu wa kahawa na si mwanachuoni, lakini suala hili lilikwisha kufikishwa kwa Baraza la Maulamaa la Indonesia, MUI, na mwaka 2010 walitoa fatwa. Kwa kifupi walisema mbegu hiyo ni kitu kilichoguswa na najisi, haikuwa najisi kwa asili yake, na ikisafishwa ni halali kunywa, kuzalisha na kuuza. Waliweka masharti: mbegu iwe bado imefunikwa na ngozi yake ngumu, na iwe bado inaweza kuota ikipandwa. Sharti hilo la kuota linanipendeza sana, kwa sababu mbegu inayoota ni mbegu ambayo tumbo halikuiharibu. Lakini fatwa ile ilizungumzia twahara ya mbegu. Adhabu anayopata mnyama kizimbani ni jambo la kulitafakari nyinyi wenyewe, mnajua dini inavyosema kuhusu kumfunga mnyama na kumnyima haki yake.

Usishangae pia ukisikia habari za wanyama wengine. Thailand wanawalisha tembo matunda ya kahawa, Brazil kuna ndege aitwaye jacu. Hadithi zake zinafanana na hii, na bei pia.

Basi mfanye nini? Mkiwa Bali, pandeni Kintamani, nyanda za juu kandokando ya mlima wa volkano Batur. Kahawa yao ya arabika ndiyo iliyokuwa bidhaa ya kwanza ya Indonesia kupewa ulinzi rasmi wa jina la mahali inapotoka, mwaka 2008. Mibuni hupandwa pamoja na michungwa, wakulima wamejipanga katika vikundi vyao vya jadi viitwavyo *subak abian*, na kanuni zao zinataka matunda mekundu yachumwe kwa mkono. Yaani kazi ya luwak wa porini, ya kuchagua lililoiva tu, inafanywa na mtu mwenye macho, anayelipwa. Ladha yake ni safi, ina uchachu mtamu unaokumbusha machungwa, na inakaa mdomoni. Fedha ambayo ungempa muuza luwak, nusu yake tu mpe mkulima wa pale.

Mkinunua, chukueni mbegu nzima zilizokaangwa, zisisagwe, na muulize tarehe ya kukaangwa. Ikiwa ni ndani ya wiki tatu au nne zilizopita, vizuri. Pakiti isiyo na tarehe iacheni rafuni.

Na kama bado una hamu ya kikombe cha luwak, kwanza uliza mnyama yuko wapi. Ukionyeshwa kizimba, toka. Ukipata mahali pasipo na kizimba, agiza luwak na Kintamani ya kawaida kwa pamoja, zote zitengenezwe kwa namna moja. Huko huwa wanamimina maji ya moto juu ya unga wa kahawa ndani ya kikombe, wanaita *kopi tubruk*. Omba kipimo kiwe sawa, kama gramu 12 kwa mililita 200 za maji, na usitie sukari wala maziwa. Kisha fanyeni tunavyofanya waonjaji. Wewe geuka upande wa pili. Mumeo amimine vikombe vitatu vidogo, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, avichanganye. Geuka uonje, umtajie kipi ni tofauti, halafu kipi umekipenda. Usionje vikiwa vya moto sana, maana moto huficha makosa. Subiri vipoe hadi vuguvugu, uonje tena. Kahawa nzuri huzidi utamu inapopoa, na iliyo tupu hubaki maji. Mkimaliza, badilishaneni, naye ajaribu.

Baba mkwe mpelekeeni nusu kilo ya Kintamani na nusu kilo ya Gayo, arabika ya nyanda za juu za Aceh, kaskazini mwa Sumatra. Ya pili ndiyo itakayompa ule ulaini na uzito aliousikia kwa watu wa luwak. Mtengenezeeni zote mbili siku moja, na mumsimulie habari za wale wakulima wa Java.